Ngamia wa Kitovu

Bulle wa Sankuri alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatafuna kwanza kabla ya kuyatoa. Watu wa Garissa walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyewahi kumsikia akiapa katika soko la mifugo, mahali ambapo watu humtaja Mungu tangu alfajiri hadi adhuhuri kwa sababu ya meno ya mbuzi mmoja. La pili, ndiye yule bwana aliyempa mtoto wa kike ngamia jike mzima, tena mtoto wa mgeni. Kwa hilo la pili alichekwa miaka mitano, naye akawaacha wacheke.

Mgeni mwenyewe alikuwa Daktari Mhando, daktari wa mifugo, Mtanzania wa Tanga. Aliletwa Garissa na mradi wa wafadhili mwaka wa tisini na mbili, baada ya ukame kuwamaliza wanyama na kubakiza mifupa njiani. Alikuja na mkewe Mwanaidi, masanduku mawili, na Kiswahili kitamu ambacho wengi pale walikisikiliza kama redio: walikifurahia, lakini nusu hawakuipata. Miezi ya kwanza wafugaji walimkimbia. Walikuwa wamezoea watu wa ofisini wanaokuja leo na sindano na kesho na askari, kwa hiyo wakiliona vumbi la gari lake waliwaswaga ngamia vichakani na kumwachia daktari boma tupu na kinyesi.

Aliyemfungulia mlango ni Bulle. Ngamia wake walikuwa wagonjwa, akaona heri ajaribu. Daktari akawatibu, wakapona. Basi kuanzia siku hiyo Bulle akatembea naye kisima kwa kisima, boma kwa boma, akiwaambia watu maneno mawili tu: huyu wangu. Kule kwa wafugaji maneno hayo mawili yana nguvu kuliko barua ya mkuu wa wilaya. Sifa zote alizokuja kupata Daktari Mhando kwa wakubwa wake wa Nairobi zilipita kwanza katika kinywa cha Bulle, ingawa sidhani kama jina la Bulle liliwahi kuandikwa katika ripoti hata moja.

Mwaka uliofuata Mwanaidi alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ambayo mumewe alikuwa Wajir na gari la pekee la mradi. Weris, mke wa Bulle, alikuwa amepeleka maziwa kama kila asubuhi, akamkuta mwenzake amelala sakafuni akiuma upindo wa kanga. Weris alipiga ukelele mmoja tu. Bulle aliyekuwa nje na punda akaacha punda, akaacha maziwa, akaenda mbio kumleta Sahara, mkunga wa mtaa wa pili. Kabla ya adhana ya adhuhuri mtoto akawa ametoka salama, wa kike, analia kwa sauti ya kudai haki yake.

Hapo ndipo Bulle alipofanya lile jambo. Kwa Wasomali wafugaji, mtoto wa kiume akizaliwa, baba au mjomba humtolea ngamia jike. Hung'olewa singa moja ya mkia wa yule ngamia, na singa hiyo ndiyo inayofungia kitovu cha mtoto. Tangu hapo yule ngamia, na kila atakayezaliwa naye, ni mali ya mtoto. Hachinjwi kwa ajili ya wageni, hauzwi, hatolewi mahari ya mtu mwingine. Anayemchunga hunywa maziwa, basi, na mwili unabaki wa mwenyewe. Bulle alimchagua Barwako, mtamba aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, uzao wa ngamia wa mama yake. Akaenda kung'oa singa mwenyewe, akampa Sahara.

"Ngamia kwa msichana?" Weris alimwuliza mlangoni kwa sauti ya chini. "Tena msichana wa watu wanaokula samaki?"

"Mama yake hana kaka hapa," alijibu Bulle. "Kaka yake ni mimi."

Mtoto akaitwa Anab, jina la marehemu mama yake Bulle. Daktari alirudi kutoka Wajir siku ya tatu, akamkumbatia Bulle mbele ya watu, akalia bila kujificha, akamwita shemeji. Tangu siku ile hakumwita jina jingine. Anab naye alipofungua kinywa, Kisomali ndicho kilichotangulia kutoka. Alimwita Bulle abti, yaani mjomba, na Bulle akamwita abti vilevile, maana kwao mjomba na mpwa huitana kwa neno moja. Siku za Ijumaa aliletwa Sankuri, akapandishwa mgongoni mwa Barwako, akashuka nguo zikinuka moshi na maziwa, na mama yake akamwosha huku akicheka.

Halafu ikaja mvua ya El Nino, mwishoni mwa tisini na saba. Mto Tana ulitoka kitandani mwake ukalala kwenye nyumba za watu. Maji yalipopungua ikaja homa, ikafagia kilichosazwa na maji. Mbuzi themanini wa Bulle wakabaki tisa. Ngamia wake mwenyewe walizama matopeni mmoja mmoja, akiwatazama, kamba mkononi. Waliobaki wazima, kwa mapenzi ya Mungu, ni wale wa Anab: Barwako na watoto wake wawili.

Majirani wakamwambia auze mmoja. Nani angejua? Hata Daktari mwenyewe angeambiwa kuwa amekufa kwa homa, angepinga? Watoto wa Bulle walikuwa wakila mahindi ya msaada yaliyochemshwa bila chumvi. Bulle alisikiliza ushauri wote, akashukuru, kisha akaenda kuwachunga ngamia wa mtoto katika malisho ya mbali, mbali na washauri. Hakuuza hata unyoya. Barwako alikuwa na mimba tangu kabla ya mafuriko, na mvua za masika ya tisini na nane zilipoisha akazaa ndama jike. Boma la Bulle likawa na maziwa tena, ya ngamia mmoja tu, na watoto wake wakaanza kupata mashavu.

Ndipo ikaja habari kwamba mradi umefungwa na Daktari anarudi kwao.

Bulle hakulala vizuri kwa habari hiyo, lakini hakukata tamaa. Alikuwa akisubiri jambo moja. Alijua Daktari atakuja Sankuri kuaga, atakalishwa mkekani, atapewa maziwa, na mbele ya wazee wawili watatu atasema: ngamia wa binti yangu nakuachia, mpaka siku atakayowatafuta. Hayo tu. Kwa maneno hayo watoto wangeendelea kunywa maziwa bila mtu kuwanyoshea kidole, na Bulle angekuwa na dada Tanga, hata kama hatamwona tena. Bila maneno hayo hakuwa na kitu: mbuzi tisa na jina zuri. Alifagia boma. Weris akafukiza moshi kibuyu kipya. Wakangoja wiki nzima.

Siku ya Jumatatu aliyekuja hakuwa Daktari. Alikuwa Kadar, dalali wa soko la mifugo, fimbo kwapani na kopo la rangi nyekundu mkononi. Rangi ile kila mfugaji anaijua. Ndiyo wanayopakwa wanyama waliokwisha uzwa.

"Umepotea njia," Bulle alimwambia. "Hapa hakuna cha kuuza."

"Kimeshauzwa," alisema Kadar. "Hujaona karatasi ya vitu anavyouza Daktari? Ina wiki moja pale langoni kwa mradi." Akatoa nakala mfukoni, akaisoma taratibu kama mtu anayesoma hirizi. "Friji moja. Kitanda sita kwa sita. Meza ya kulia na viti vinne. Baiskeli. Ngamia watatu, wako Sankuri kwa mchungaji Bulle."

Bulle alicheka. Ndiyo, alicheka, maana kulikuwa na kosa na kosa litarekebishwa. Kisha akamwomba asome tena lile neno la mwisho kabla ya jina lake.

"Mchungaji," Kadar akarudia, naye akashindwa kujizuia. "Sikujua kumbe una kanisa! Ibada saa ngapi, niwalete wanangu?"

Bulle hakucheka mara ya pili. Neno lilikuwa limemwingia. Hakuandikwa mjomba, wala shemeji. Hata jina tupu lingekuwa heri. Aliandikwa mchungaji, mtu wa kukodiwa, kati ya baiskeli na mwisho wa karatasi, na mji mzima ulikuwa umelisoma wiki nzima ukipita kwenda msikitini.

"Ondoka na rangi yako," alimwambia Kadar. "Ikiwa ni kweli, nitawaleta mwenyewe Jumatano. Bomani kwangu hupaki mnyama."

Alasiri ile ile akaenda mjini. Nyumba ya Daktari ilikuwa imepasuliwa tumbo. Masanduku ya mbao uani, magunia ya vyombo, mikeka imeviringishwa, majirani wakiingia na kutoka, huyu na jiko, yule na pazia. Anab hakuwapo, alikuwa amepelekwa kwa majirani kuaga wenzake. Daktari alikuwa amepiga magoti akifunga sanduku kwa kamba. Alipoinua uso na kumwona aliyekuja, uso wake ulisema yote kabla ya kinywa.

"Karibu, karibu, Bwana Bulle."

Bwana Bulle! Miaka mitano shemeji, leo bwana. Bulle alisimama pale pale, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Daktari, Kadar nakuja kwangu na rangi."

"Ah. Nilitaka nije nikwambie mwenyewe, wallahi. Safari imenizonga, unaona mwenyewe hali."

"Hii ngamia si yangu, si yako. Hii ya kitofu ya mtoto. Wewe najua. Mimi nafundisha wewe."

"Ni ya mtoto, sibishi," alisema Daktari, akisimama na kujifuta vumbi magotini. "Na mimi ni baba wa mtoto. Hebu fikiri, Anab atawafuga wapi Tanga? Ufukweni? Nimewauza, kitakachopatikana kitamjengea maisha yake. Kuna ubaya gani?"

"Kitofu habana uzwa."

"Hiyo ni mila yenu, naiheshimu sana. Lakini sisi tunaondoka." Akamshika Bulle bega na kumwelekeza pembeni, ambako redio na godoro vilikuwa vimetengwa peke yake. "Na wewe sijakusahau. Hivi nimekuwekea. Ni ujira wako wa kuchunga."

Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi nimewajua punda wa Garissa, wanabeba maji tangu kuche, wanapigwa, wanalala njaa, na bado sijamwona hata mmoja aliyemlipa redio mtu aliyemshika mwanawe siku ya kuzaliwa. Methali hii inawaonea punda.

Bulle aliitazama ile redio. Alihisi aibu ikimpanda shingoni, na alishangaa kwa nini aibu iwe yake.

"Mimi nachunga miaka tano kwa redio?" aliuliza. Hakungoja jibu. Alimgeukia Mwanaidi, aliyekuwa ameketi kizingitini akikunja kanga, ile ile moja, akiikunja na kuikunjua. "Abaayo. Dada. Wewe nilijua?"

"Kaka, nilimwambia asubiri kwanza..."

"Wewe nilijua?"

"Nilijua," alisema Mwanaidi, machozi yakamtoka. "Nilijua tangu karatasi ilipoandikwa."

Kwa Daktari, Bulle alikuwa ameumia. Kwa Mwanaidi alivunjika. Wiki nzima Weris alikuwa ameleta maziwa kwenye mlango ule ule, Mwanaidi akayapokea, akauliza hali ya watoto, akasema asante. Neno moja tu lingetosha, Weris angelibeba hadi Sankuri pamoja na kibuyu kitupu. Bulle aliweka mkono kifuani, kama mtu anavyoaga msibani, akatoka. Redio na godoro akaviacha pale pale.

Weris aliposikia, hakulia. Weris si wa kulia. "Watoe leo hii," alisema. "Waswage mpaka Ijara, mpaka kwa ndugu zangu. Daktari anaondoka Jumatano. Atakutafuta na nini, na sindano?"

"Watasema Bulle ameiba ngamia wa mtoto."

"Na wao wameiba nini?"

Jibu la hilo Bulle alilitafuta siku nzima ya Jumanne. Mara mbili aliinuka kufungua miiba ya lango la boma, mara mbili akaketi. Porini hakuna ambaye angempata. Lakini hata shehe yeyote angemwuliza: mali ni ya mtoto, na msimamizi wa mali ya mtoto ni nani kama si baba yake? Na zaidi ya shehe kulikuwa na Anab. Angekua. Siku moja angeuliza ngamia wake wako wapi, na Bulle hakutaka jibu liwe kwamba mjomba alikimbia nao. Afadhali aibu iwe ya baba.

Jumatano, kabla jua halijawa kali, akawafikisha sokoni wote wanne, ndama akiyumba nyuma ya mama yake. Walikuwa wametoka jioni ya Jumanne na kulala njiani, nje kidogo ya mji. Kadar alikuwa akihangaika na wanunuzi wengine, akamwambia asubiri. Bulle akawafunga miguu. Kisha akafanya alichotumwa na Weris. Hata kwa hasira zake zote Weris alikuwa amesema mtoto hasafiri bila maziwa, mtoto hana kosa. Akamkamua Barwako kwa mara ya mwisho, amesimama kwa mguu mmoja, kibuyu juu ya goti, akaenda nacho hadi nyumbani kwa Daktari.

Lori lilikuwa limeshapakiwa. Gari dogo lilikuwa likinguruma, maana msafara wa polisi wa kwenda Nairobi haumngoji mtu. Anab alikuwa ameshaketi nyuma, viatu vipya, nywele zimesukwa. Alipomwona Bulle alitoa kichwa na mikono yote miwili dirishani.

"Abti!"

Alikunywa kwenye kibuyu, mdomo ukawa mweupe. Wakaongea Kisomali, na Daktari aliyekaa mbele hakukijua vizuri, ila alikijua vya kutosha.

"Abti, usiwe na huzuni," Anab alisema. "Baba ameniambia ngamia wangu wanabaki kwako. Amesema amekuachia wewe mpaka nitakapokuja kuwatafuta."

Bulle alisikia maneno yale, moja baada ya jingine, yale yale aliyofagilia boma. Kumbe Daktari aliyajua. Aliyajua tangu mwanzo, neno kwa neno, na alikuwa ameyasema, ila aliyasema kwa mtoto, yakiwa uongo. Hasira ilimjaa Bulle mpaka masikioni. Ilikuwa kiasi cha kufungua kinywa tu. Soko lilikuwa karibu, mtoto angetaka kupelekwa, angeona rangi kwa macho yake. Kwenye kiti cha mbele Daktari alikuwa amekaza macho kwenye kioo, shingo imemlowa jasho. Mwanaidi alijifunika uso kwa mtandio.

"Si wanabaki, abti?"

"Wanabaki," alisema Bulle.

"Wote watatu?"

"Ni wanne sasa. Barwako amezaa. Jike."

Anab alipiga makofi, maziwa yakamwagika kwenye gauni. "Mimi ndiye wa kumpa jina! Ni wangu, mimi ndiye wa kumpa jina, sivyo?"

"Ni wewe."

Alifikiri kwa bidii yote ya miaka yake mitano. "Mwite Tanga," alisema. "Ili usisahau nilipo."

"Haye, abti," alisema Bulle. "Tanga."

Gari lilianza kusogea. Daktari akashusha kioo, akatoa mkono, akasema chini chini: "Asante. Asante sana kwa kutomwambia."

Bulle aliutazama ule mkono. "Si kwa wewe," alisema, na mikono yake ikabaki kwenye kibuyu mpaka gari likapita.

Aliporudi sokoni Kadar alikuwa ameshampaka Barwako na wale wawili wakubwa, alama ndefu nyekundu ubavuni. Ndama alikuwa bado. Kadar alisimama juu yake, karatasi mkono mmoja, brashi mkono mwingine, na sasa hakuwa na mzaha. Alimsogelea Bulle na kusema polepole, watu wasisikie.

"Huyu hayumo kwenye karatasi. Wameandikwa watatu. Mchukue uende naye. Mimi sijaona kitu."

"Bila mama yake atakufa," alisema Bulle. "Na si wangu. Ana mwenyewe."

Kadar alishusha pumzi, akachovya brashi, akachukua kalamu sikioni ili amwongeze kwenye orodha. "Ana jina?"

"Hana," alisema Bulle, akapiga magoti na kumshika ndama shingo, atulie apakwe.